Tundu Moja Ukutani

Hapa Kalobeyei, ukitaka kujua mtu amepitia nini, angalia nyumba yake. Wengi wetu tulianza na hema la turubai. Baadaye tukakandika udongo, au tukasimamisha miti na kuipigilia mabati. Kisha wale waliobahatika kupata fedha za ujenzi wakaingia kwenye nyumba ya kudumu: bloku za simenti, plasta ndani na nje, paa la mabati, mlango wa chuma. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi haya ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Miaka yote hiyo kilio chetu kwa mashirika kilikuwa kimoja: tupeni ukuta. Ukuta usiopasuliwa na upepo, usiochanwa kwa kisu, usioyeyuka laga ikijaa maji.

Ukuta tumepata, na mimi nashukuru. Lakini ukuta huo ulikuja na jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Ulizuia waifai, na kwa kuizuia ukamtoa binti yetu nje usiku. Naandika haya kwa watu wawili. Wa kwanza ni jirani mwenye shida kama yetu, ambaye pengine anapanga kununua kifaa cha bei kubwa. Wa pili ni mfanyakazi wa shirika ambaye kesho atasimama kwenye kiwanja akiangalia mafundi wakipanga bloku.

Kwanza nieleze tulivyokaa. Mbele yetu kuna mama mmoja kutoka Kivu Kusini kama sisi, mwenye duka la unga, sabuni na sukari. Kijana anayeuza intaneti mtaani aliweka antena juu ya paa la mama, na ruta akaiacha ndani ya duka, chini ya kaunta, nyuma ya magunia. Wateja wanalipa, wanapewa paswadi, wanakaa kwenye benchi la mbele. Nyuma ya duka kuna sebule ya mama, nyuma ya sebule kuna uwanja kama hatua kumi, halafu ndiyo nyumba yetu. Sisi tunachangia kila mwezi, kwa sababu binti wa marehemu kaka yangu, ambaye mimi ni baba yake mdogo, anasoma stashahada kwa njia ya mtandao.

Mwalimu wake yuko Marekani, upande wa mashariki. Kule ikiwa saa saba mchana, huku kwetu ni saa mbili usiku, na wakati wa baridi yao inakuwa saa tatu. Kwa hiyo darasa lake ni la usiku, Jumanne na Alhamisi. Kituo cha kusomea kimeshafungwa saa hizo, na hata kingekuwa wazi, sisi wazazi tusingemruhusu kutembea njia ile gizani. Ndani ya nyumba yetu alama ya waifai inaonyesha kijistari kimoja, kinakuja kinapotea. Basi binti alikuwa anachukua kiti cha plastiki, anakwenda kukaa nyuma ya dirisha la sebule ya mama, mgongo ukutani, kompyuta magotini, miguu juu kwa sababu ya nge. Mtu yeyote anayepita anaona uso wake ukiwaka kwa mwanga wa skrini, na yeye hamwoni anayepita.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa unakuja: dakika tisini, kamera ikiwa wazi muda wote. Netiweki ikikatika kwa muda mrefu, mtihani unajifunga. Tulikuwa na wiki tatu.

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kupima. Usitegemee vile vijistari vya simu, maana simu moja inaweza kukuonyesha vitatu mahali ambapo nyingine inaonyesha viwili. Kuna programu za bure za simu zinazokuonyesha nguvu ya waifai kwa namba. Namba hiyo hupimwa kwa desibeli na ina alama ya kutoa mbele yake, kwa hiyo iliyo karibu na sifuri ndiyo nzuri. Kutoa 40 ni nzuri sana. Kutoa 67 bado inatosha simu ya video. Ikifika kutoa 80, hata ujumbe mfupi unasuasua. Na jambo la kukumbuka ni hili: kila desibeli 10 unazopoteza, nguvu imebaki sehemu moja ya kumi. Ukipoteza 20, imebaki sehemu moja ya mia.

Binti alichukua daftari, akachora nyumba zote mbili, tukatembea na simu tukiandika. Dukani mbele ya kaunta: kutoa 45. Sebuleni kwa mama: kutoa 63. Nje, nyuma ya dirisha lake: kutoa 71. Ndani kwetu, juu ya meza: kutoa 87. Daftari lilituonyesha kitu ambacho macho hayakuwa yameona. Umbali si mkubwa. Uwanja wenyewe, hatua kumi za hewa tupu, ulikula kidogo tu. Waliokula sana ni kuta tatu, mlango mmoja na madirisha mawili.

Mawimbi ya waifai ni ndugu wa mawimbi ya redio, isipokuwa ni mafupi. Yale ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na yale ya gigahezi 5 yana urefu wa sentimita 6 au pungufu kidogo. Yanapopita kwenye mbao, kitambaa, karatasi au kioo cha kawaida, hupoteza kidogo. Yakikutana na zege, sehemu yake inarudishwa na sehemu inamezwa na kugeuka joto dogo lisilosikika. Ukuta mmoja wa zege unaweza kula desibeli 10 hadi 20, na mnene zaidi unakula zaidi. Ukuta ambao bado una unyevu ndani yake unakula kupita ukuta mkavu, kwa sababu maji yanameza mawimbi. Ndiyo maana nyumba mpya, ambayo simenti yake haijakauka vizuri, inaweza kuwa na netiweki mbaya kuliko ile ya mwaka uliopita.

Chuma ni habari nyingine kabisa. Chuma hakimezi, kinafukuza. Nondo ndani ya nguzo na ndani ya mkanda wa juu wa nyumba zinasumbua mawimbi. Bati linayarudisha karibu yote. Sasa hesabu chuma kilichoko kwenye nyumba zetu: mlango, madirisha ya kufunga, paa. Na kwenye nyumba za zamani, wapo waliotengeneza milango kwa mikebe ya mafuta ya kupikia tuliyokuwa tunagawiwa, ile mikebe iliyopasuliwa, ikanyooshwa na kupigiliwa misumari. Mlango kama huo unazuia vumbi na mbuzi, na waifai pia.

Tena kuna suala la ulalo. Wimbi likiingia ukutani moja kwa moja, linapita unene wa ukuta tu. Likiingia kwa upande, linasafiri ndani ya zege njia ndefu zaidi. Ukuta unaopitwa kwa ulalo unakuwa kama ukuta mnene zaidi. Duka la mama liko upande wa kushoto wa nyumba yetu, si mbele yake hasa. Kwa hiyo kuta zetu zilikuwa nene kuliko tulivyodhani.

Baada ya kuelewa hayo, tulianza na vitu visivyo na gharama. Tuliomba ruhusa kwa mama na kwa yule kijana, tukaitoa ruta chini ya kaunta na kuiweka juu ya rafu ya mbao, karibu mita mbili kutoka chini, upande wa nyuma wa duka. Antena zake tukazisimamisha wima. Antena ya namna ile hutawanya mawimbi kwa pembeni, kama tairi lililolazwa chini na antena imesimama katikati ya tundu lake. Ukiilaza ikamwelekea mtu kwa ncha, yule mtu anapata kidogo kabisa. Tulipopima tena mezani kwetu, kutoa 87 ilikuwa imekuwa kutoa 80. Bila shilingi hata moja.

Halafu tukatazama chaneli. Kwenye gigahezi 2.4, chaneli tatu tu ndizo zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Pale mtaani karibu kila duka lilikuwa kwenye chaneli 6. Ni kama watu wanane kuongea kwa mpigo katika chumba kimoja. Kijana alihamisha ruta kwenda chaneli 11. Namba ya nguvu haikubadilika, wala haikupaswa kubadilika, lakini kukatika kukapungua, hasa saa za jioni wateja wakiwa wengi. Pia alitenganisha majina mawili ya waifai, la gigahezi 2.4 na la gigahezi 5. La pili lina kasi ukiwa dukani, lakini linachoka mapema mbele ya ukuta. Sisi wa nyuma tukabaki na la kwanza.

Jaribio la tatu lilikuwa madirisha. Mama alipofungua dirisha lake la chuma la sebuleni, na sisi tukafungua letu, mezani kwetu ikasoma kutoa 73. Desibeli 7 kwa kufungua madirisha mawili! Hapo nikaelewa kwamba waifai yetu haikuwa inapita ukutani sana. Ilikuwa inatafuta mlango kama mtu. Lakini dirisha la chuma limewekwa ili lifungwe usiku, na darasa ni usiku. Siwezi kumwambia mjane mwenye duka alale dirisha wazi ili mwanangu asome. Jaribio hilo lilitufundisha, halikututatulia.

Tulijaribu na mkebe. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Dartmouth, Marekani, walionyesha kwamba kipande cha plastiki kilichofunikwa karatasi ya alumini, kikiwekwa karibu na antena kwa umbo linalofaa, kinaweza kuelekeza waifai upande unaotakiwa na kuipunguza upande mwingine. Sisi tulikata mkebe wa mafuta, tukaukunja nusu duara na kuusimamisha nyuma ya ruta, mdomo ukielekea kwetu. Tulipata desibeli 3, yaani nguvu mara mbili. Lakini kioo cha tochi hakiongezi betri. Kinachukua mwanga wa huku na kuupeleka kule. Wateja wa benchi la mbele walianza kulalamika siku hiyo hiyo. Wao wanalipa kwa siku, na duka la mama linakula kutokana na wao. Mkebe tukautoa.

Majirani wengi walitushauri tununue ruta kubwa yenye antena nyingi. Ushauri huu unasikika kila mahali, kwa hiyo nataka kuueleza. Waifai ni mazungumzo ya watu wawili. Ruta inaongea, na simu yako inajibu. Ukinunua ruta yenye sauti kubwa, utaisikia vizuri, vijistari vitajaa. Lakini simu yako bado ina sauti yake ndogo ile ile, na betri ndogo, na jibu lake lazima lipite kuta zile zile kurudi. Ndiyo sababu unaweza kuona alama imejaa na ukurasa haufunguki. Antena nzuri zinasaidia kusikiliza pia, siyo kupiga kelele tu, lakini haziondoi zege.

Ripita nayo tuliifikiria. Hiki ni kifaa kidogo kinachopokea waifai na kuirudia. Ukiamua kukinunua, usikiweke pale ambapo netiweki imekufa, maana kitarudia ufu huo huo. Kiweke katikati, mahali ambapo netiweki bado ni nzuri. Kwetu sisi mahali hapo ni sebule ya mama. Shida ni mbili. Ripita ya bei nafuu inapokea na kutuma kwa redio moja, hivyo kasi inapungua karibu nusu. Na ingehitaji stima ya mama usiku kucha, na bado baada yake kulikuwa na kuta mbili.

Iliyobaki ilikuwa ni waya. Waya wa mtandao, ule wenye nyuzi nane ndani, unaweza kubeba mawasiliano mpaka mita 100 bila kudhoofika. Kwake ukuta si kitu, mradi kuna tundu. Ukifika upande wa pili unachomekwa kwenye ruta ya pili, nayo inatoa waifai mpya ndani ya chumba chenyewe. Mtu hahitaji tena kupigana na ukuta. Watu wengine hupitisha waya kwenye mwanya kati ya ukuta na paa. Kwenye nyumba ya mama, na kwetu pia, mwanya huo ulizibwa kwa simenti kwa ajili ya vumbi na nyoka. Kwa hiyo ilibidi kutoboa.

Nilikwenda kwa mama Jumapili mchana, pamoja na binti. Nilieleza taratibu, nikamwonyesha daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akashika ukuta kwa kiganja kama mtu anayeshika shingo ya ng'ombe wake.

"Mutoboe ukuta yangu? Hapana, baba. Ile hema, upepo ilibeba. Ile nyumba ya udongo, maji ilikula. Hii ukuta njo ya kwanza yenye haijanikimbia. Na wewe unaniletea drili?"

Sikuwa na la kujibu. Alichosema ni kweli. Mtu aliyekimbia mara tatu hapaswi kubishana kuhusu ukuta wake. Niliinuka ili tuage. Binti ndiye aliyeongea.

"Mama, samahani. Mimi ndiye ninayekaa nyuma ya dirisha lako usiku. Jumanne na Alhamisi. Nilikuwa naona aibu kukuambia."

Mama alimwangalia muda mrefu.

"Njo wewe? Ile kitu inasonga-songa hapo nyuma, njo wewe?" Akaketi. "Mi nilifikiri ni wezi. Juma iliyopita nilikamata panga. Nilisimama hapa, hapa kabisa, panga mukononi, nikasema wakifungua tu ile dirisha, nakata."

Tulinyamaza wote. Dukani mteja aliita, hakuna aliyekwenda. Mimi nilikuwa napima akilini: dirisha lile, kile kiti cha plastiki, sentimita ishirini za bloku kati ya panga na mgongo wa mtoto. Tulikuwa tumeogopa nge, tumeogopa vijana wa njiani. Hatukuwa tumefikiria kwamba hofu ya mama mwenyewe ilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Mama alitoa masharti. Tundu atachagua yeye mwenyewe. Mwanawe ndiye atakayeshika drili. Simenti ya kuziba tutaleta sisi. Na waya ule, kabla haujatoka kwenda kwetu, upite chumbani kwake, kwa sababu naye binti yake alipelekwa Kanada, na simu ya video ikiita inabidi mama atoke aende kukaa dukani katikati ya wateja, analia mbele ya watu. Nilimwambia chumba chake kiko njiani, na kwamba nusu ya ruta ya pili ni yake. Tukakubaliana hivi: kifaa kidogo cha kugawa waya chumbani kwake, pamoja na ruta ndogo ya zamani ambayo kijana wa intaneti alikuwa nayo bila kazi, na ruta nyingine kwetu.

Kazi yenyewe ilichukua asubuhi moja. Nawaachia hapa mambo ambayo fundi alituelekeza, kwa faida ya atakayefuata.

Usitoboe karibu na nguzo wala kwenye mkanda wa juu, kwa sababu ndani kuna nondo. Toboa kwenye mstari wa simenti kati ya bloku na bloku. Pale ni rahisi kutoboa na ni rahisi kuziba, na bloku yenyewe inabaki nzima.

Pitisha waya kabla ya kuufunga kichwa. Waya wenyewe una unene wa milimita 6 hivi, unapita kwenye tundu la milimita 8, dogo kuliko kidole changu. Kichwa chake cha plastiki ni kipana karibu mara mbili ya hapo. Ukilazimisha waya wenye kichwa, utaharibu ukuta wa mtu bure.

Tundu literemke kidogo kuelekea nje, ili maji ya mvua yasiingie ndani. Nje, uache waya uning'inie chini kidogo kabla haujapanda kuingia tunduni, maji yadondokee pale.

Tumia waya wa nje wenye ganda jeusi. Jua la Turkana linakula plastiki ya kawaida, inakuwa kama ganda la yai. Sisi tuliuzika uwanjani ndani ya paipu ili watoto na mbuzi wasiukanyage.

Radi ikianza kunguruma, chomoa waya pande zote mbili, wa mtandao na wa stima. Mvua huku ni chache lakini ikija inakuja na hasira, na waya mrefu wa nje unaweza kuleta umeme wa radi mpaka kwenye kompyuta.

Kuhusu nguvu ya umeme, usiogope sana. Ruta ndogo nyingi zinatumia volti 12, na yetu inakula wati 6 hivi. Saa nne za darasa ni wati-saa 24. Betri ndogo ya sola ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 ikiwa mpya na imejaa, kwa hiyo inatosha na akiba inabaki. Angalia tu volti ya ruta na ya chaja zinalingana, na usiimalize betri mpaka mwisho, itakufa mapema.

Jioni ile tulipima kwa mara ya mwisho. Mezani kwetu: kutoa 38. Chumbani kwa mama: kutoa 41. Dirisha la chuma la mama likiwa limefungwa, letu limefungwa, mlango umefungwa kwa komeo.

Binti alifanya mtihani wake ndani ya nyumba, Alhamisi, saa mbili usiku. Mke wangu aliketi mlangoni akichambua maharage, watoto wakatumwa kwa jirani ili kusiwe na kelele. Netiweki haikukatika. Matokeo yalikuja baada ya wiki mbili, amepita masomo yote isipokuwa moja ambalo atalirudia, na hilo halikuwa kosa la ukuta.

Sasa nizungumze na ninyi mnaojenga. Najua bajeti zenu ni ndogo na michoro inatoka mbali. Lakini fundi anapopanga bloku, kuweka kipande cha paipu ya nusu inchi, urefu wa ukuta tu, ni kazi ya dakika moja. Kimoja ukuta wa mbele, kimoja wa nyuma, kimoja kati ya vyumba, kila kimoja na kizibo chake. Ukuta ukishakauka na kupigwa plasta, tundu lile lile linahitaji drili, stima, fundi, na mazungumzo magumu na mtu ambaye nyumba yake ndiyo mali yake yote. Na kwenye madarasa, zahanati na kumbi za zege, msiweke ruta moja kubwa ofisini kwa mkuu mkategemea ifike kila chumba. Vifaa vidogo viwili au vitatu vilivyounganishwa kwa waya vitafanya kazi vizuri kuliko kimoja kikubwa.

Tena, mnapokuja na fomu zenu kuhusu usalama wa wasichana na wanawake, mnatuuliza maswali mengi mazuri: choo kiko wapi, maji yako wapi, kuni zinatoka wapi. Ongezeni moja: akitaka netiweki usiku, anakaa wapi? Tembeeni saa mbili usiku mtaona nyuso zinazowaka kando ya kuta, nyuma ya maduka, chini ya antena. Wengi wanasoma, wengine wanaongea na mama zao. Wamekaa nje kwa sababu ndani kuna ukuta mzuri.

Na wewe jirani, kabla hujatoa pesa, pima. Chukua daftari, tembea, andika namba. Inua ruta, isimamishe antena, badili chaneli. Kama bado, tafuta waya. Na kama ukuta si wako, anza kwa kubisha hodi na kusema ukweli kuhusu nani anakaa nyuma ya dirisha usiku.

Mama sasa anaongea na binti yake wa Kanada akiwa kitandani, mlango umefungwa. Wakati mwingine tunasikia kicheko kinatoka kwenye lile tundu, kwa sababu simenti ya kuziba imepasuka kidogo upande wa chini. Ameniambia nisiizibe kwanza mpaka mvua zikaribie. Anasema anataka kusikia kama mtoto anasoma kweli.